Nyumba ni ya nyanya, ardhi ni ya mwingine, na notisi inasema siku 30

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Maweni, Malindi. Nimelifupisha kidogo:

"Asalaam aleikum. Tunakaa nyumba aliyojenga nyanya yetu 1984, udongo na makuti, saa hii juu tumeweka mabati. Alikuwa akilipa kodi ya ardhi kwa wakala wa mwenye shamba mpaka yule mzee akafariki, risiti ya mwisho ni ya 2006, tangu hapo hakuna mtu amekuja kudai hata shilingi. Mwezi uliopita alikuja mtu na savea wakaweka bikoni, akasema amenunua, na wiki jana tumeletewa karatasi tuhame kwa siku 30. Tuko nyumba kumi na nane. Wengine washaanza kung'oa mabati. Ndugu yangu asema tutie saini tuchukue hiyo elfu hamsini anayotoa kwa kila nyumba. Chumba kimoja mjini naambiwa elfu nne na mimi nauza mahamri, alafu huko upande wa baharini majumba ya Wazungu yamefungwa mwaka mzima. Je, sisi tuna haki yoyote? Na zile nyumba za serikali, zetu ziko wapi?"

Waaleikum salaam dada yangu. Nianze na la haraka manake siku zinahesabika: msiondoke, msitie saini karatasi yoyote, na msing'oe bati hata moja. Hao jirani walioanza kuvunja waendee leo jioni uwaambie wasimame. Mtu akishavunja nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe akahama, hata umpe wakili mzuri vipi atapata taabu kumrudisha, na mwenye hiyo karatasi analijua hilo vizuri sana, ndo maana notisi imeandikwa kwa maneno makali na siku chache, ili nyinyi mjifukuze wenyewe.

Hizo siku 30 amezitoa kichwani. Sheria ya Ardhi ya 2012 ilifanyiwa marekebisho 2016 ikaongezwa vifungu vya kuwahamisha watu, 152A kwenda mbele, na kwa ardhi ya mtu binafsi kifungu cha 152E kinataka notisi isiyopungua miezi mitatu, iwe ya maandishi, na watu wakiwa wengi kama nyinyi itangazwe kwenye magazeti mawili yanayosomwa nchi nzima na ibandikwe mahali pasipopungua patano kwenye hiyo ardhi yenyewe, na ieleze majengo yataondolewaje na mazao yaliyo chini yatavunwaje, alafu nakala impate naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa divisheni ya eneo, OCPD. Sasa nendeni watu watatu wanne mpaka kwa huyo OCPD mumuulize kwa heshima tu, hii notisi umeipata? Mara nyingi jibu ni hapana. Na kifungu kinachofuata, 152F, kinampa ruhusa yeyote aliyepewa notisi aende kortini, na jaji anaweza kuifuta, kuibadilisha, kuisimamisha au kuamuru watu walipwe fidia. Malindi tuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa mjini, hamna haja ya nauli ya Mombasa.

Ila nikwambie na la upande wa pili usije ukashtukia kortini. Wakili wake anaweza kusimama akasema hawa si wavamizi, hawa walikuwa wapangaji wa kiwanja kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa hivyo hiyo miezi mitatu haiwahusu, mpangaji wa mwezi hupewa notisi ya mwezi. Hoja hiyo ina nguvu zake, siwezi kukudanganya. Na hapo ndipo risiti yako ya 2006 inapokuwa mali kuliko nyumba yenyewe.

Sikiza vizuri hapa. Kenya tuna Sheria ya Muda wa Kushtaki, na kifungu cha 7 kinasema mwenye ardhi akikaa miaka 12 bila kudai ardhi yake kortini, haki yake ya kudai inakufa. Aliyekaa pale miaka yote hiyo, waziwazi, bila kujificha, bila ruhusa na bila kukatizwa, anaweza kwenda kortini chini ya kifungu cha 38 aandikishwe yeye kuwa mwenyewe. Watu wengi wa Pwani wameisikia hiyo ya miaka 12, tatizo huwa wanaitaja vibaya, mtu anasema "nimekaa hapa miaka arobaini" anafikiri yashaisha kumbe miaka thelathini kati ya hiyo alikuwa akilipa kodi ya ardhi, na ukilipa kodi uko pale kwa ruhusa, na ruhusa inaua dai lote. Nimeona watu wakija na rundo la risiti wamezitunza kwenye kopo la Nido, zile za kaboni ya bluu zenye muhuri wa wakala na saini yake, wanazitoa kwa fahari kumwonyesha wakili kwamba wao si wavamizi, na kila risiti wanayoitoa inamsaidia mwenye shamba.

Lakini nyinyi kodi ilikatika. Kwa upangaji ambao haukuwa na mkataba wa maandishi, sheria inaanza kuhesabu pale kodi ya mwisho ilipopokelewa. Kama ya mwisho ni 2006 na baada ya hapo hakuna aliyelipa, hakuna aliyedai, hakuna kesi, hakuna barua mliyoandika kuomba mkae, bas miaka 12 ilitimia 2018. Na jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi na broka: kuuza ardhi hakurudishi saa nyuma. Miaka inahesabika juu ya ardhi, haihesabiki juu ya mtu, aliyenunua juzi amenunua pamoja na miaka yenu.

Ndo sababu nakataza ile elfu hamsini. Usiangalie pesa, angalia karatasi ya kutia saini, isome mstari kwa mstari au msomewe na mtu mnayemwamini. Karibu zote huwa na sentensi moja ndani inayosema mimi fulani nakubali kwamba ardhi hii ni ya bwana fulani na nimekuwa nikiishi hapa kwa hisani yake. Ukitia saini hapo umemwandikia ushahidi wake. Hata akikwambia "lipeni tu mia tano ya mwezi mkae kwa amani" usilipe kwanza, mpaka wakili aone. Na hili liwe la nyumba zote kumi na nane, mana akipatikana mmoja wa kupokea kisiri wengine mtasumbuliwa naye kama shahidi.

Kabla hamjafurahi sana, kuna mambo mawili yanaweza kuvunja dai lote. La kwanza, ikiwa ardhi ni ya serikali au ya kaunti, hiyo ya miaka 12 haifanyi kazi kabisa. La pili, ikiwa ni ya wakfu, mambo yanakuwa na njia yake kupitia Tume ya Wakfu. Kwa hivyo kazi ya kwanza kesho asubuhi ni kufanya sachi kwa ofisi ya ardhi, mujue namba ya ploti, jina la mwenyewe, na huyu mtu wa bikoni kweli ameandikishwa au ana makubaliano tu ya kuuziwa mfukoni. Mkienda kortini mtahitaji nakala ya rejista iliyothibitishwa, bila hiyo ombi la miaka 12 linatupwa nje mlangoni. Na ikitokea ni ardhi ya umma iliyopita njia za panya ikageuka ya mtu, usikate tamaa, Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Mitu-Bell, Januari 2021, ile ya wanakijiji wa Mitumba waliobomolewa Nairobi 2011 karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilisema watu waliokaa ardhi ya umma muda mrefu wakajenga makao na kulea watoto wana haki ya makazi ambayo korti inaweza kuilinda hata kama hawana hati. Na 2023 mahakama hiyo hiyo, kwenye kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ilisema hatimiliki peke yake haitoshi, lazima ionekane ilizaliwa vipi tangu mwanzo.

Sasa umeuliza kama mna haki, nataka nijibu na lile ambalo hukuuliza, ilikuwaje nyanya yako akajenga nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine na kila mtu akaona ni kawaida. Watoto wetu wanadhani ni ujinga wa wazee. Si ujinga. Mashamba makubwa ya Malindi karne ya 19 yalilimwa na watumwa, utumwa ulipopigwa marufuku 1907 mengi yakabaki pori na wenyewe wakaacha watu walime na kujenga kwa ada ndogo ya mwaka, waliokuwa watumwa na Wagiriama waliokuwa wakisogea kutoka bara. Alafu mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya Waingereza ya hati za ardhi za Pwani, kila mwenye dai katika ule ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar ajitokeze na ushahidi wake. Wenye karatasi na wenye kujua mambo ya ofisi walipata hati, Wamijikenda ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo hawakuwa na mlango wa kuingilia, na ambayo haikudaiwa na mtu ikawa ya serikali ya kikoloni. Hati hizo ndizo zinazouzwa mpaka leo, na wengi wa wanaozishika hawajawahi kulala Maweni hata usiku mmoja. Bas mtindo ukabaki, nyumba yangu, ardhi ya mwingine, Mombasa, Malindi, mpaka vijiji vya Magarini, na familia zikajenga na kuzaa juu ya ruhusa ya mdomo ya mzee ambaye saa hii yuko kaburini.

Kwa hivyo mtu akiniambia Malindi kuna uhaba wa nyumba namkubalia nusu. Nyumba watu wameshajenga wenyewe, kwa mkono, bila mkopo wa benki, bila serikali. Kinachokosekana ni ardhi ya chini yake kuwa na jina lao. Nyumba kumi na nane zikibomolewa asubuhi moja mji umepoteza nyumba kumi na nane ambazo hakuna mradi utazirudisha mwaka huu wala mwaka ujao.

Na mnajua wanaobomolewa huenda wapi? Hawaendi kulala barabarani, ndo maana hawaonekani. Sensa ya watu wa mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, hao ni wale wanaoonekana. Mama wa Maweni akibomolewa atakwenda kwa dada yake Muyeye, vyumba viwili watu tisa, wavulana wakubwa wanatolewa walale kwenye kibanda cha duka au barazani kwa jirani, msichana wa gredi ya nane analala jikoni na shangazi, baba anarudi kijijini Ganze akidhani ni kwa wiki mbili. Baada ya miezi minne dada mwenyewe anaanza kununa. Hiyo familia haina makao, nasema wazi, lakini hakuna karatasi ya serikali yenye jina lake. Na wanaotoka bara kwa ukame, na wale wa kando ya mto Sabaki mafuriko yakija, wote wanaingia kwenye vyumba hivyo hivyo vya elfu tatu elfu nne, halafu tunashangaa kodi kupanda.

Haya, nyumba za serikali. Serikali yenyewe husema nchi inahitaji kama nyumba 250,000 mpya kila mwaka mijini na zinazojengwa ni kama 50,000, ndo wakaleta ile tozo, asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri naye atoe kiasi hicho hicho, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024. Mwenye kipato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi amewekwa kwenye kundi la nyumba za kijamii, la bei ya chini kabisa, wewe uko hapo. Jiandikishe kwa Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuombea hizo nyumba, ni haki yako. Lakini nakuomba usiiache nyumba ya nyanya kwa sababu ya fomu. Hizo ni nyumba za ghorofa za kulipia kila mwezi kwa miaka, na mtu wa mahamri hana mwezi, ana siku, Ramadhani amepata na mwezi mwingine mvua imenyesha wiki nzima unga umelala. Na sufuria yako ya kukaangia utaiweka wapi ghorofa ya tatu? Kuni zako? Wateja wako wa saa kumi na moja alfajiri watapanda ngazi? Nyumba ya Maweni ni mahali pa kulala na ni mahali pa kazi, anayehesabu nyumba kwa idadi ya vyumba peke yake hilo hulikosa, na ndo wengi wanaopewa ghorofa huishia kuzikodisha na kurudi walikotoka.

Yale majumba yaliyofungwa pia yananiuma, nisiseme uongo, ukipita Casuarina jioni unaona geti na askari mmoja na bwawa lenye majani. Lakini hata yakifunguliwa kesho hakuna atakayekupa chumba cha elfu nne mule. Na ujue Katiba ya 2010, kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi milele, ni ya kukodi miaka isiyozidi 99, siku moja hiyo ardhi itarudi mezani. Kinachoumiza mji zaidi kwa maoni yangu ni viwanja vitupu vya katikati ya mji, vimezungushwa ukuta miaka ishirini vikisubiri bei ipande, wakati watu wanasukumwa mpaka Ganda na Msabaha kujenga kusiko na maji. Kaunti ina uwezo wa kutoza kodi ya ardhi, ikitoza viwanja hivyo kwa bei yake ya kweli na ikakusanya kweli, vitauzwa au vitajengwa. Nimelisema hilo kwenye mikutano ya umma na nitaendelea kulisema.

Turudi kwenu. Kesi ya ardhi inaweza kuchukua miaka, kwa hivyo wakati kesi iko kortini na amri ya kuzuia mbomoaji mnayo mkononi, kaeni mezani na huyu mnunuzi. Sasa mtakuwa mnaongea mkiwa na kitu. Kuna mambo mawili ya kumwekea. Moja ni kugawana ardhi. Bangkok, huko Thailand, mitaa kadhaa ilimaliza ugomvi hivyo, wakazi wakamwachia mwenye ardhi upande wa barabarani wenye bei, wakajipanga upya upande wa nyuma wakiwa na haki ya maandishi. Kwenu barabara iko upande gani? Kama iko mbele na nyumba nyingi ziko nyuma, hilo linawezekana kabisa. Mbili ni kununua kwa pamoja, na hapa hatuhitaji kwenda Thailand, Voi hapo jirani mtaa wa Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 90, wakazi walichagua ardhi iwe kwa jina la jumuiya yao, mtu anamiliki nyumba yake anaweza kuiuza na kuirithisha ila ardhi yenyewe haiuzwi. Haikuwa rahisi, makaratasi yalichukua miaka, lakini mimi naipenda njia hii kuliko kila mtu kupata kipande chake, kwa sababu nimeshuhudia mitaa ikipewa hati moja moja na ndani ya muda mfupi nusu yake ishanunuliwa na watu wa nje, wenyewe wako tena kwenye ardhi ya mwingine wakianza upya.

Mambo ya kufanya wiki hii. Andikeni orodha ya nyumba zote kumi na nane, nani alijenga, lini, watu wangapi ndani, wazee na wagonjwa ni kina nani. Pigeni picha kila nyumba nje na ndani, minazi na miembe pia, manake mti una umri na umri wa mwembe wa nyanya ni ushahidi. Tafuteni wazee wawili watatu wasiokuwa na maslahi waliomjua yule wakala, wakubali kuandika kiapo kwamba tangu alipofariki hakuna aliyekuja kukusanya. Ile risiti ya 2006 ipigeni picha mbele na nyuma, itumeni kwa simu za watu watatu tofauti, alafu yenyewe ikae mbali na nyumba hiyo, usiiache ndani. Wakili mkikosa pesa, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na mambo ya ardhi na kufukuzwa ndo kazi yao ya miaka mingi. Chagueni watu watatu wa kuweka majina kwenye kesi kwa niaba ya wote, na mmoja wao awe mwanamke, mana mchana tingatinga likija wanaokuwepo nyumbani ni wanawake.

Na likija kabla ya amri ya korti? Kifungu cha 152G kinawataka wajitambulishe, waonyeshe idhini rasmi, maafisa wa serikali wawepo, utu na usalama wa watu uheshimiwe, wazee, watoto na walemavu walindwe, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza kuvunja na kuokoa vitu vyao. Mkiona vijana wa kukodiwa bila afisa hata mmoja, msipigane nao, toeni watoto, rekodini kwa simu nyuso na namba za magari, mmoja akimbie polisi kuandikisha ripoti na arudi na namba ya OB, yaani ya kile kitabu cha matukio cha polisi. Hiyo namba wakili ataitaka siku hiyo hiyo.

Ndugu yako usigombane naye. Anaona elfu hamsini na anaona mwezi unaisha, kila mtu angeogopa. Mchukue uende naye hiyo sachi ya kesho, aone kwa macho yake jina lililoandikwa pale kwenye rejista, alafu ndo muongee habari ya saini.